Siku Walipokataa Kugonga Meza

"Hivi Mama Harms, huyo binti uliyempangisha anasoma chuo, au anakwenda kununua mikate tu?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, Bi Elfriede, akiwa ameegemea uzio na reki yake mkononi. Bi Elfriede ni mtu wa kuona. Paka wa mtaa wa pili akizaa, yeye anajua wangapi na wa rangi gani.

Nikamwuliza anasema hivyo kwa nini.

"Kila Jumanne namwona anatoka chai yangu ikiwa ya moto. Anarudi haijapoa. Mkononi ana mfuko wa mikate."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana na mimi nilikuwa nimeliona hilo, nikanyamaza tu.

Wapendwa, kisa hiki kilianza na umbea huo wa uzioni. Kikaishia kwa mtu mwema kukosa kazi, mbele ya ukumbi uliojaa watu wenye akili zao, ambao walikaa kimya wakimtazama. Na mimi nilikuwemo. Nilikaa mstari wa mbele.

Mimi ni mjane. Marehemu Harms aliniachia nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu, basi chumba cha juu nampangishia mwanafunzi. Shule yangu mwenyewe iliishia ya msingi. Yaliyobaki nimefundishwa na Biblia na kukaa na watu.

Mpangaji wangu wakati huo aliitwa Gesine. Binti wa wafugaji wa ng'ombe kutoka kule pwani ya kaskazini, ambako watu husalimiana kwa neno moja asubuhi, na neno hilo hilo hutumika mpaka jioni. Mtulivu. Mwenye bidii. Anafuta jiko hata asipoombwa.

Alikuwa anasomea saikolojia. Alitaka kufanya kazi na watoto wanaoshindwa kusema.

Lakini kwenye saikolojia kuna mlango mmoja mwembamba, unaitwa takwimu. Usipopita hapo, hupiti popote.

Gesine alikuwa ameshaanguka mtihani wa takwimu mara mbili.

Ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka ya tatu, huruhusiwi tena kusomea fani hiyo, si chuo chetu, si chuo kingine chochote nchi nzima. Umefungiwa. Unaweza kwenda kusomea ushonaji au unajimu, lakini saikolojia ndiyo basi tena.

Kwa hiyo mtoto yule alikuwa anatembea na jiwe tumboni. Nilimwona hata anavyokata kitunguu.

Siku hiyo, baada ya maneno ya Bi Elfriede, nilimkuta jikoni na mwenzake wa darasa, Malte. Malte hakuwa mpangaji wangu, ila supu yangu ilimjua vizuri.

"Leo Profesa kafundisha nini?" nikauliza.

"Ureno," Malte akasema.

"Ureno nayo ni takwimu?"

"Alikuwa huko kwenye mkutano. Samaki walikuwa watamu. Hoteli ilikuwa na makelele."

"Halafu akasoma slaidi," Gesine akaongeza. "Kama zilivyo, neno kwa neno, mgongo katupa sisi."

"Sasa si mnamwuliza maswali?"

"Anasema maswali tumpelekee saa yake ya kuonana na wanafunzi."

"Na hiyo saa ni lini?"

"Alhamisi," Malte akasema. "Ila Alhamisi yuko Ureno."

Profesa mwenyewe aliitwa Altenhoff. Alikuwa haishi mjini kwetu. Alikuja na treni na kuondoka na treni, na mhadhara wake ulipimwa kwa ratiba ya reli.

Halafu kuna kitu chuoni kinaitwa robo ya wasomi. Ratiba ikisema saa nne, maana yake ni saa nne na robo, na kila mtu anajua. Kanisani ukichelewa robo saa, mchungaji anakusindikiza kwa macho mpaka unakaa. Chuoni ukichelewa robo saa, umewahi.

Altenhoff, juu ya ile robo ya wasomi, alikuwa na robo yake binafsi.

Toa hizo. Toa Ureno. Toa treni ya kurudi. Kilichobaki ndicho Gesine alichokuwa anategemea kiokoe maisha yake, mara moja kwa wiki.

"Mwalimu mwingine hakuna?" nikauliza.

"Mama, somo hili ni lake. Tukitaka mwalimu mwingine tungoje astaafu."

"Anastaafu lini?"

"Tutakuwa na wajukuu," Malte akasema, akajiongezea supu.

Basi nikaona, hebu nikajionee. Huku wazee wanaruhusiwa kuomba kibali na kukaa kwenye mihadhara, wasikilize tu, bila mtihani. Wako wengi. Wanakuja na mito ya kukalia na chupa za chai, wanateka mstari wa mbele, na vijana wananung'unika kwamba wamenyang'anywa viti.

Jumanne iliyofuata na mimi nikachukua mto wangu.

Niliketi pembeni ya Bwana Ottokar, mstaafu wa posta, mzee anayehudhuria kila somo kuanzia falaki hadi magonjwa ya nguruwe.

Altenhoff akaingia. Suti nzuri, nywele nzuri, haraka. Akaeleza kwamba treni imechelewa. Akaeleza kitabu anachoandika. Kisha akawasha projekta, akatugeuzia kisogo, akaanza kusoma.

Mimi sikuelewa kitu, na sikutegemea kuelewa. Sikwenda kujifunza takwimu. Nilikwenda kuwatazama watu.

Nikageuka nikawatazama. Wengine wanacheza na simu. Wengine wanakula. Gesine ananakili kila kitu, shingo mbele, kama mtu anayeokota shanga gizani.

Kisha Profesa akaangalia saa, akasema yaliyobaki tutayakuta kitabuni, akafunga kompyuta.

Na hapo ndipo nilipoona ajabu.

Ukumbi mzima ukapiga kishindo. Ngo ngo ngo ngo ngo. Vifundo vya vidole juu ya meza, kama mvua ya mawe kwenye bati. Huku wanafunzi hawampigii mhadhiri makofi. Wanamgongea meza. Ndiyo asante yao.

Malte aligonga. Wale wa simu waligonga. Gesine, mwenye jiwe lake tumboni, aligonga kwa mikono miwili.

Altenhoff akainamisha kichwa, akatabasamu kwa unyenyekevu mkubwa.

"Asanteni, asanteni. Naona tunaelewana."

Akaenda kuwahi treni.

Jioni, jikoni, nikashindwa kuvumilia.

"Nyie watoto, mbona mmemgongea yule mtu?"

Wakatazamana.

"Ndiyo desturi, Mama," Gesine akasema.

"Desturi ya nini?"

"Ya kushukuru."

"Mmemshukuru kwa lipi?"

Malte akafikiri, akasema, "Kwa kuondoka."

Tulicheka, lakini mimi sikuishia hapo.

"Sisi kanisani tukisema amina, maana yake tumekubali. Huyo mtu kila Jumanne anasikia amina ya ukumbi mzima. Anapanda treni moyo mweupe. Ninyi mnakuja kulia jikoni kwangu. Yeye atajuaje?"

"Sasa Mama, kila mtu anagonga. Usipogonga unaonekana huna adabu."

"Haya. Basi gongeni."

Gesine alikaa akizungusha kijiko. Huyu si mtu wa kuropoka, akikaa kimya hivyo ujue kuna kitu kinaiva.

"Tusipogonga wote," akasema mwishowe, "hakuna atakayeonekana hana adabu."

Malte akaacha kula. Na Malte kuacha kula si jambo dogo.

"Wote kabisa?"

"Wote. Jumanne ijayo. Mikono chini mpaka tunatoka. Aondoke na ukimya wake, aupeleke kwenye treni akaufikirie."

Wakaandika kwenye kundi lao la simu. Mimi nilidhani watajibu watu watano. Mpaka tunaosha vyombo, darasa zima lilikuwa limekubali, na walishaanza kubishana kama kukohoa kunaruhusiwa. Wakakubaliana kunaruhusiwa.

Nataka muelewe watu hawa. Taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu, barabara tupu, hakuna hata baiskeli, wao watasimama. Wakishasema tumekubaliana, basi wamekubaliana. Nimeishi nao miaka mingi na ninawapenda kwa hilo. Ukiazima ngazi yao, wanajua utairudisha.

Jumanne ikafika. Ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Hata wale waliokuwa hawaujui mlango uko wapi walikuja, kushiriki katika kutokugonga.

Ilipofika saa nne na robo kamili, mlango ukafunguka.

Hakuwa Altenhoff.

Aliingia mwanamke wa makamo, sweta ya kijani, waya za kompyuta zimemning'inia mkononi. Akasimama mbele.

"Profesa Altenhoff hayupo leo. Mimi naitwa Swantje Ahlers. Nitakuwa nanyi."

Minong'ono ikapita nyuma. Nikageuka. Wanafunzi walikuwa wanaangaliana kama kondoo waliokuta mbwa mgeni.

Na kule nyuma kabisa, mstari wa mwisho, niliona kitu kingine. Watu wazima watatu, makoti wameyaweka mapajani. Hawana begi, hawana kompyuta. Mwanafunzi asiye na chupa ya maji mimi sijapata kumwona. Nikajiuliza, hawa nao ni akina nani? Nikadhani ni wazee wenzetu waliokosa viti vya mbele.

Daktari Ahlers, daktari wa usomi si wa hospitali, hakuwasha projekta.

"Nani alikuja na treni leo?" akauliza.

Mikono ikanyanyuka.

"Nani alichelewa?"

Mikono ile ile. Watu wakacheka.

"Shirika linasema treni zake huchelewa kidogo sana, kwa wastani. Je, wewe pale umechelewa kidogo sana?"

"Mimi bado sijafika," kijana mmoja akajibu.

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Basi sikilizeni," akasema. "Wastani hausafiri. Anayesafiri ni wewe."

Akachukua chaki. Akachora treni moja inayowahi, nyingine inayochelewa kupita kiasi, akaonyesha jinsi wastani unavyoweza kuwa mzuri huku abiria wanaganda kituoni. Kisha akauliza, sasa tutapimaje huko kutawanyika? Hakujibu. Alingoja. Alingoja mpaka mtu akajibu, akakosea, naye akamwambia umekosea vizuri, endelea hapo hapo.

Mimi mwenyewe, na shule yangu ya msingi, nilijikuta nimesogea kwenye ukingo wa kiti changu.

Nikamtazama Gesine. Hakuwa ananakili. Kalamu ilikuwa imelala. Alikuwa anasikiliza, mdomo wazi kidogo, na mabega yake, ambayo tangu nimjue yalikuwa karibu na masikio, yalikuwa yameshuka.

Akanyoosha mkono. Gesine. Akauliza swali, akajibiwa, akauliza jingine juu yake. Nikasema moyoni, Bwana, asante, mtoto huyu atapona.

Daktari Ahlers akatazama saa. "Nimewaibia muda wenu. Samahani. Asanteni kwa kunisikiliza."

Akaweka chaki chini, akatulia kidogo, kama wahadhiri wote wanavyotulia hapo.

Kimya.

Sisi wa mbele tukagonga. Bwana Ottokar aligonga kama anayevunja karanga. Mimi niligonga mpaka pete ya ndoa ikaniumiza. Wazee wote tuligonga, maana sisi hatukuwemo kwenye kundi la simu.

Nyuma yetu, hakuna. Hata kikohozi walichokiruhusu hakikutoka.

Nikageuka. Gesine alikuwa ameikalia mikono yake. Ameikalia kweli, chini ya mapaja, na macho yamejaa maji. Malte alikuwa anahesabu taa za darini.

Niliwahi kukaa kwenye misiba mingi, pamoja na wangu mwenyewe. Ukimya kama ule sijawahi kuusikia.

Daktari Ahlers akasema "Basi," kwa sauti ndogo. Akakunja waya zake vibaya, akatoka. Wale watatu wa nyuma wakanong'onezana, wakavaa makoti.

Nilimkamata Gesine kwenye ngazi.

"Mbona hukugonga?"

"Mama, mimi ndiye niliyewaandikia wote. Niwe wa kwanza kuvunja?"

"Si walikuwa wanakungoja wewe?"

"Na mimi nilikuwa nawangoja wao."

Malte akasema, "Hatukusema mikono chini kama ni Altenhoff. Tulisema mikono chini Jumanne."

Nilimtazama kijana yule. Nikaona hata kumgombeza ni kupoteza nguvu.

Jumanne iliyofuata Altenhoff alirudi. Kwa habari za Ureno, alikuwa na mpya. Na alipofunga kompyuta, nyie, wakagonga. Maana makubaliano yalikuwa ya siku moja.

Jumamosi nikiwa sokoni kwenye viazi, nikaona sweta ya kijani. Nikamsogelea.

"Mwalimu, mimi nilikuwa kwenye mhadhara wako. Mstari wa mbele."

Akanitazama, akatabasamu nusu. "Najua. Ninyi ndio mliogonga."

Akanieleza pale pale, viazi mkononi. Altenhoff mwenyewe alikuwa ameomba aondolewe lile somo, limemchosha, anataka kuandika kitabu chake. Chuo kikatafuta mtu wa kulichukua. Wale watatu walikuwa wamekuja kumpima Daktari Ahlers, na walipanga waangalie jambo moja tu la msingi: wanafunzi wanampokeaje.

"Waliniambia ninajua kazi," akasema. "Ila vijana sikuwagusa. Wakasema nina kipaji cha kufundisha wazee."

"Na Altenhoff?"

"Wamemwomba aendelee. Yeye wanafunzi wanamgongea."

Nikamwambia kuna mambo asiyoyajua, na si yangu peke yangu kuyasema. Nikamwomba aje kwangu Jumapili baada ya ibada, kuna keki ya tufaha, kuna watu wanaotaka kumwambia jambo. Akasita. Akasema atakuja kidogo tu, ana mizigo ya kufunga.

Najua mtaniuliza kama Gesine alifaulu, kwa hiyo nalisema hapa ili msiningojee. Alifanya mtihani wake wa tatu mwezi wa Februari, kwa mafunzo ya Altenhoff. Hakufaulu. Sasa yuko chekechea moja mji wa jirani, anavalisha watoto glavu na kuwavua, na wale wanaoshindwa kusema wanapelekwa kwa mtaalamu anayekuja mara moja kwa mwezi.

Na kama mnataka somo, langu ni hili. Ukizoea kumshukuru anayekunyima, siku akija anayekupa utakuta asante yako imeshaharibika. Mkijaribu kuitengeneza kwa pamoja, hakikisheni angalau mmoja wenu amebaki na akili yake mwenyewe.

Basi Jumapili yenyewe ilikuwa hivi.

Daktari Ahlers alikuja. Akakaa kwenye kiti alichokuwa anakalia marehemu. Nikamkatia keki. Gesine alikuwa upande wa pili, mweupe kama kitambaa cha meza, na Malte, kwa mara ya kwanza, hakugusa sahani.

Gesine akasema yote. Hakujitetea. Alisema mpango ulikuwa wake, na ulimlenga Altenhoff, na alipomwona yeye Daktari anaingia alijua ni kosa, na hakujua namna ya kuusimamisha.

Daktari Ahlers alisikiliza. Kisha akauliza jambo moja.

"Ulielewa nilichofundisha?"

"Kila kitu," Gesine akasema. "Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuelewa."

"Ukakaa kimya."

"Tulikuwa tumekubaliana."

Daktari Ahlers akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Akasema amepata kazi kwenye kampuni ya bima, mji mwingine, atakuwa anahesabu ajali za magari. Akasema wanalipa vizuri. Akasema keki ni nzuri. Nilimwona anajitahidi kutuondolea uzito, na nikamwombea kimoyomoyo.

"Siwachukii," akasema. "Hilo nilitaka mlijue."

Malte akashusha pumzi. Na mimi nikainuka kumwongezea kahawa, nikidhani tumevuka.

Hapo Gesine akainama mbele. Na mimi nilimjua, nilijua ni lile jiwe linalosema, si yeye.

"Daktari, mimi nimebakiza mtihani mmoja tu. Nikianguka huo, ndiyo mwisho. Kabla hujahama, hata kama ni saa mbili tu, usingeweza kunifundisha?"

Daktari Ahlers akaweka uma pembeni ya keki, sawasawa na ukingo wa sahani. Akachukua koti lake kwenye kiti, akalivaa mkono mmoja, kisha wa pili, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

Akatoka bila kusema neno.